Wiki Yenye Tano Mbili

Mama macho yameingia ukungu, kwa hiyo namsomea,
hapa Ibra, chumba cha nyuma, kiyoyozi kinakohoa.
Kitabu ni cha Kiingereza. Nakigeuza Kiswahili mdomoni,
kama mtu anayemenya chungwa na hataki ganda likatike.

Neno la kwanza kunikwamisha ni *kambi*.
"Kambi ya nini?" anauliza. "Ya skauti?"
Ya kuulia watu, mama. Waliwajengea Wayahudi mahali pa kuwaulia,
na reli ya kuwafikisha, na daftari la majina.
Kikombe chake kimesimama hewani.
"Daftari," anasema. "Basi walikaa kitako, wakaandika."

Gitl alikuwa na miaka kumi na sita, Mirele tisa.
Baba yao, kabla foleni haijagawanywa, aliwaambia:
ishikeni Sabato, hata mkiwa hamna cha kuishikia.
Gitl akachomoa uzi kwenye pindo la gauni,
kila usiku fundo moja.
Fundo la saba likifika, hawakuwa na mshumaa wala divai;
waliushika mkate, ule wa kiganja kimoja,
wakachelewa kuula.
Ndiyo Sabato yao: kuchelewa kidogo.

Fundo la arubaini na moja ameliandikia mstari mmoja tu:
*Leo nimefunga peke yangu.*
Hapo nilifunika kitabu. Mama hakunihimiza.

Lango lilipofunguliwa, Gitl alimuuliza nesi, leo siku gani?
Akahesabu, akarudia kuhesabu.
Homa ilikuwa imemla siku asizozifunga.
Sabato zake zote za mwisho zilikuwa Alhamisi.
*Sikulia kwa njaa*, anaandika. *Niliulilia uzi.*

"Alhamisi?" Mama akacheka kidogo, kicheko cha puani.
"Asiyejua kibla huswali alikoelekea,
na swala yake ni swala. Muandikie."
Gitl ameshakufa, mama.
"Muandikie hivyo hivyo."

Usiku ule sikulala, nikawa nahesabu.
Jumamosi yetu ni ya mosi, yao ni ya saba:
wanapofunga mlango ndipo sisi tunapoamka.
Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, tano,
halafu Alhamisi, nayo kwa Kiarabu ni ya tano.
Wiki yetu ina tano mbili.
Nani aliugua homa, lugha ikiwa njiani,
akafunga fundo moja mara mbili?

Asubuhi nikamwambia mama: na sisi pia, si tulipoteza?
Nilikuwa nawaza Unguja, na ile picha ya sandukuni
iliyokatwa upande mmoja kwa mkasi.
Akanikata. "Usifananishe.
Msiba wa mtu haupimwi kwa pishi ya mwenzake.
Ule wao ni wao. Usome kama wao."
Akaendelea kukunja kanga, ncha kwa ncha.
Kisha, bila kugeuka:
"Thuwaini alikuwa na kovu hapa," akagusa nyusi.
"Alianguka juu ya kinu. Mie ndiye niliyemsukuma."

Miaka yangu arubaini na sita,
sijawahi kujua kuwa nilikuwa na mjomba.
Sikuuliza aliishia wapi.
Nilimwangalia tu akiirudia kanga ile ile,
akiikunjua, akiikunja.

Jumatano akataka kupelekwa soko la wanawake.
Alipita mbele ya uvumba, ya wanja, ya vitambaa vya kumeta,
asinunue kitu, mpaka kwa Bi Shamsa muuza nyuzi.
Akapapasa vigurudumu kimoja kimoja kama anayechagua ndizi.
"Nipe usiokatika upesi."

Jioni akakaa, uzi mapajani.
Leo tumefika ukurasa gani?
Mia na kumi na mbili, mama.
Vidole vyake vilikuwa vinafanya kitu, chini ya ushungi,
nami nikaangalia kitabu.
"Haya, soma."
Sura ya tisa. Gitl anatafuta viatu.